Keki Niliyomtoa Binti Yangu Mdomoni

Binti yangu wa pili alikuwa na miaka tisa, na sikumbuki siku hata moja aliyokaa kitini mpaka sahani ikaisha. Alikula kijiko kimoja, akatoka kutazama kuku wa jirani, akarudi, akamwaga maji, akaenda tena. Shuleni kwao, hapa Shituru, mtaa wa kiwanda cha shaba, mwalimu alimweka dawati la mbele, kisha la nyuma, kisha peke yake karibu na mlango.

Daktari mmoja mwanamke, hospitalini mjini, alituandikia herufi nne za Kifaransa: TDAH. Alieleza kwamba ndivyo ubongo wake ulivyo, akili haitulii mahali pamoja. Si ukaidi wala malezi mabaya. Turudi baada ya mwezi, alisema. Hatukurudi. Mume wangu alisema kiwandani hawampi ruhusa, nami nikasingizia biashara yangu. Ukweli ni kwamba wifi yangu alikuwa amekwisha kutupa jibu rahisi zaidi, alilolitoa kwenye simu yake.

"Ile sukari njo inamuvuruga kichwa," aliniambia. "Na ni weye mwenyewe unamupatia kila asubui."

Mimi hukaanga vitumbua kando ya barabara ya kwenda kiwandani. Binti yangu alilala mgongoni na kunyonya kifuani pangu huku nikivigeuza kwenye mafuta. Maneno yale yalinichoma, na aibu ikanifanya mkali. Nilifungia sukari kabatini. Hakuna kitumbua, hakuna mkate, hakuna hata ndizi mbivu, maana wifi alisema ndizi nayo ni sukari. Na mahali pa vyote nilivyoondoa sikuweka kitu. Mtoto alikwenda shuleni na chai kavu tumboni. Ikifika saa nne alikuwa analia, anapiga wenzake, ananyakua chakula chao. Mwalimu aliniita mara tatu. Kila mara nilirudi nyumbani nikisema sukari bado haijamtoka.

Kisha ikaja Jumapili ya komunyo yake ya kwanza. Misa ilikuwa ndefu. Nilimwona akibana mikono katikati ya magoti ili isichezecheze, macho kwa padri, jasho likimtoka. Alikaa mpaka baraka ya mwisho. Nje, akina mama wa parokia wakawagawia watoto keki. Nilipomfikia alikuwa amekwisha kuuma mara moja. Nikamshika taya, nikamwingiza kidole mdomoni, nikakitoa kile kipande mbele ya wenzake wote.

"Mama, minye nilikala muzuri," alisema. "Nilikala mpaka mwisho."

Nilimsikia vizuri. Keki nikaitupa hata hivyo, na wifi yangu akaitikia kwa kichwa kunipongeza.

Wiki mbili baadaye alianguka mstarini shuleni, wanafunzi wakiimba wimbo wa taifa. Tukarudi kwa daktari yuleyule. Alimpima uzito, akatazama karatasi ya zamani, akanitazama mimi.

"Asubui anakulaka nini?"

"Chai, daktari."

"Na nini tena?"

Nikainama kumfunga mtoto viatu.

"Mama, ugonjwa huu haukuletwa na sukari," alisema. "Kupunguza pipi ni vizuri kwa mtoto yeyote. Lakini huyu lazima ashibe kabla ya kutoka nyumbani. Yai, maharage, ndakala wale samaki wadogo, uji wenye karanga, na ale kwa saa zilezile kila siku. Chakula peke yake hakitamponya. Lakini njaa inamzidishia taabu."

Siku hizi anakula. Mwalimu anasema anamaliza kuandika mistari mitano kabla ya kusimama, zamani ilikuwa miwili, na mapigano yamepungua. Wifi hajawahi kusema pole; sasa ananitumia video za mizizi ya kutuliza akili. Mume wangu naye anasema mtoto ataisahau ile keki.

Mtoto huyu husahau daftari, viatu, njia ya kisima na majina ya siku. Lakini nikiingia jikoni akiwa anakula, anaufunika mdomo kwa mkono na kumeza bila kutafuna.

"Kula tu, mwanangu," namwambia.

"Ndiyo, mama," anajibu, na kuisogeza sahani mbali nami.