Tangazo la kifo cha Mama Masanja lilivyosubiri msanii amalize kuachana

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Naandika nikiwa Iringa, chumba cha kupanga, begi bado sijalifungua. Ninayosimulia nimeyaona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi. Jina la redio siliweki na msanii simtaji, kwa hiyo msije PM kunibembeleza.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimezaliwa hapa Iringa, form four nimemalizia hapa, kisha miguu ikaanza kuwasha. Nimechimba dhahabu Makongolosi, nimeuza mitumba Mwanjelwa, na juzi kati nilikuwa Chimala kwenye mchele.

Chimala nilipanga chumba cha uani kwa mama mmoja wa Kisukuma, Mama Masanja. Akiniona nakunja nguo kutia begini anacheka: "We Mhehe, tulia. Hata ng'ombe analala."

Mwanaye wa pekee, Masanja, alikuwa mbali huko Usangu na mifugo. Simu haishiki. Ana redio ndogo ya betri.

Hapa mnielewe vizuri. Wafugaji kule hawasikilizi redio kutwa. Wanafungua asubuhi, wanapata taarifa ya habari, matangazo ya vifo, wanazima ili betri zidumu. Kama hakutajwa mtu wako, unatoa ng'ombe zizini.

(Nimemkumbuka mzee wangu. Ukifika muda wa vifo, nyumba nzima kimya. Hata kijiko hakigusi sufuria.)

Basi, Mama Masanja akafariki ghafla. Presha.

Ndugu wakakubaliana kumsubiri mtoto. Bodaboda tuliyemtuma kumtafuta alirudi na tope hadi kiunoni, hajamwona. Mdogo wake marehemu, Baba Limi, akanigeukia.

"Mhehe, wewe mji unaujua. Nenda redioni Mbeya. Akisikia asubuhi, jioni yuko hapa. Bila yeye nani atatupa udongo wa kwanza?"

Nikaenda siku hiyohiyo, nikalipia, nikaambiwa litasomwa asubuhi. Nikalala kwa jamaa yangu Mwanjelwa.

Kulipokucha niko kwenye kibanda cha chai, redio iko juu ya kabati la maandazi. Taarifa ya habari ikaisha. Nikaweka kikombe chini.

Vifo havikuja. Ikaja habari ya msanii mmoja mkubwa kaachana na mkewe. Wakampigia simu laivu jirani yake, wakamuuliza kama alisikia vyombo vikivunjwa. Jirani hata jina la huyo mke halijui vizuri!

"Mama, ongeza sauti!" wateja wakamwambia mwenye kibanda. Wakuu, tusiwalaumu waandishi peke yao.

Chai nikaiacha. Nikafika redioni natweta. Akatoka mtangazaji, binti mpole tu, headphone shingoni.

"Anko, usipate presha. Vifo tumevisogeza mchana. Hii stori ina-trend nchi nzima, bosi hataki ikatwe."

"Mchana huyo mtu kashazima redio, dada."

"Jamani anko, nani anazima redio siku hizi?"

"Mwenye betri mbili na ng'ombe wa kuchunga."

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. Akaingia ndani kuomba. Akarudi anaangalia viatu vyake. "Amesema mchana. Tutasoma mara mbili, nakuahidi."

Na kweli walisoma mara mbili, sauti nzuri, na muziki wa huzuni. Nilisikia nikiwa stendi. Nikawa nazunguka tu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jioni nikarudi Chimala, Masanja hakutokea. Kesho yake asubuhi redio ileile ikaleta sehemu ya pili, safari hii mama mkwe wa msanii. Vifo mchana tena. Wazee wakasema mwili hauwezi kusubiri zaidi. Tukazika. Udongo wa kwanza alitupa Baba Limi.

Siku mbili baadaye niko uani na Baba Limi, tunakunja turubai. Nikasikia mluzi barabarani. Masanja huyo, kibuyu cha maziwa ya mgando begani, kamletea mama yake.

Kabla hajafika mlangoni akapaza sauti: "Mhehe! Umesikia yule msanii kaachwa? Eti sahani zote zimevunjwa!"

Akaona turubai. Akaona viti vya kukodi.

Baba Limi akamshika bega, akamwambia.

Masanja hakulia palepale. Alisimama na kibuyu chake, akatuangalia mmoja mmoja. "Lakini nilifungua redio," akasema. "Kila asubuhi nimefungua. Sikusikia vifo, nikajua nyumbani wote wazima."

Wakuu, nilishindwa kukaa kile chumba. Kila nikikunja nguo nasubiri mtu aniambie nitulie. Ndiyo maana niko hapa.

Nilichojifunza: mwandishi anadhani akiacha kusoma kitu, amenyamaza tu. Hapana. Kuna mtu huko porini ameusikia ule ukimya kama habari, akauamini. Msanii aachane, aoane, tutasikia tu, hata saa sita. Lakini vifo viacheni mahali pake.

Waandishi mliomo humu, mngekuwa nyie mbele ya huyo bosi mngefanyaje? Na wengine, mmewahi kukosa taarifa ya kwenu kwa namna hii? Semeni, bado sijapata usingizi wa maana.