Kwaheri ya Nne ya Shemeji Mbaruku

Dada yangu Zubeda alinituma Johannesburg nikamchukue mumewe. Ilikuwa mwaka 2018, Pasaka ikikaribia, na haikuwa mara yake ya kwanza kunituma kazi hiyo. Shemeji Mbaruku alikuwa fundi cherehani mtaa wa Troyeville tangu watoto wao wakiwa wadogo, na kila Pasaka aliandaa Wikendi ya Soul katika ukumbi mmoja wa pale: kuanzia Ijumaa hadi Jumapili ni kupiga santuri za zamani za muziki wa soul na kucheza. Walikuja Watanzania, Wakongo, Wakenya na Warundi, yeyote aliyejua Kiswahili na aliyekuwa na viatu vinavyong'aa. Mwaka 2015 shemeji alitangaza kwamba hiyo ndiyo ya mwisho, anarudi Tanga kwa mkewe. Dada akapaka chumba rangi. Hakurudi. Mwaka 2016 akatangaza tena, dada akapaka tena. Mwaka 2017 alipaka rangi ya maziwa na kununua pazia jipya. Pazia hilo sasa liko kwangu.

"Safari hii anasema ukumbi umeuzwa," dada aliniambia tukiwa kituo cha mabasi. "Mimi brashi sigusi. Wewe nenda, ukishindwa urudi. Na wewe nawe, kila nikikutuma mume unaniletea habari za viatu."

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Kila mwaka natoka Tanga nimekunja uso, nina hotuba kichwani ya kumpa shemeji, na ikifika Jumapili niko katikati ya ukumbi na kitambaa mkononi, natokwa jasho, nacheka. Nilitaka dada apate mume wake. Nilitaka pia Wikendi ya Soul isiishe. Hayo mawili nilisafiri nayo pamoja na begi langu.

Kutoka Dar es Salaam basi liliondoka alfajiri. Jirani yangu alikuwa muuza vinyago aliyelala kuanzia Chalinze, akaamka Mbeya kuniuliza kama tumeshapita Morogoro. Zambia tulikula mahindi ya kuchoma mpaka mataya yakauma. Zimbabwe dereva alitupigia mahubiri ya kanda moja, na yalipoisha akaigeuza upande wa pili. Mpakani Beitbridge ofisa wa Afrika Kusini aliniuliza nimefuata nini. Nikamwambia nimemfuata mume wa dada yangu. Akafunua pasipoti, akatazama mihuri ya Pasaka zilizopita, kisha akaniuliza kwa Kiingereza kama huyo mume mwenyewe anataka kuchukuliwa. Nikamjibu kwamba hilo ndilo tunalolichunguza. Akagonga muhuri.

Alhamisi mchana nilishuka Park Station. Shemeji alikuwa ananisubiri, amevaa kofia ya manyoya upande, na amekonda kidogo.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, Rehema. Safari hii ni kweli," akasema kabla hata sijaweka begi chini.

"Sijauliza."

"Najua hujauliza. Macho yako yanauliza."

Akanipitisha ukumbini kabla ya kwenda nyumbani. Ulikuwa ukumbi wa zamani, sakafu ya mbao, na ukutani kulikuwa tayari na tangazo la mwenye mali mpya: vyumba vya wanafunzi. Nilisimama pale nikaikumbuka Pasaka ya 2015 umeme ulipokatika katikati ya wimbo. Hakuna aliyekaa. Otieno, Mkenya wa benki huko Sandton, aliingiza pua ya gari lake mlangoni akatuwashia taa, na watu wakaimba wenyewe wimbo uliobaki, na vinanda vyake, kwa midomo. Betri ya gari ikafa. Tulilisukuma tukiwa na nguo za sherehe mpaka kwenye robot ya pili, yaani taa za barabarani, na bado tunaimba.

Ijumaa jioni ukumbi ulifunguliwa. Desturi ya pale ni kwamba kila mtu huja na kiti chake cha kukunja na kapu lake la vinywaji, hukaa akisikiliza, na wimbo unaomgusa ukipigwa huinuka peke yake, akapangusa sakafu kwa kitambaa cheupe, akacheza. Wengine humpigia makofi mpaka arudi kitini. Shemeji alisimama nyuma ya mashine zake za santuri na suti nyeupe aliyoishona mwenyewe. Viti vilivyokuja vingeenea kwenye kibaraza cha dada. Warundi wachache, bibi mmoja wa jirani aliyedhani kuna mazishi, na mimi.

"Foleni za barabarani," shemeji akasema. "Sikukuu hii, Rehema. Watu wamekwama."

Barabara ya nje ilikuwa nyeupe, haina hata baiskeli. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kucheza.

Jumamosi asubuhi nilikwenda mtaa wa La Rochelle, saluni kwa Mama Furaha. Ni Mkongo wa Bukavu, msusi, na ndiye anayeujua mji wote kupitia vichwa vya watu. Nilimkuta anamsuka mteja. Nikamuuliza watu wako wapi.

"Batu balichoka kulia, mama," akasema bila kuacha kusuka. "Mwaka ya kwanza tulimulilia na keki. Mwaka ya pili tulimulilia na picha yake mukubwa. Mwaka ilipita tukamupatia valizi ya kutia nguo, pasta akamuombea safari, miye nikalia mpaka kope zangu zikatoka. Kisha wiki moja, namuona Papa Mbaruku kwa duka ya spaza ananunua mukate! Eish! Banasema hawawezi kulia tena bure."

"Lakini safari hii ni kweli. Ukumbi umeuzwa."

"Miye najua. Wao hawatake kujua."

Nikampigia Otieno. "Wacha bana, Rehema," akasema. "Hiyo suitcase si ni mimi niliibeba? Nikalia mbele ya bosi wangu! Mwambie akishafika Tanga anitumie picha, ndio nilie."

Nilikaa kwenye kiti cha saluni nikitazamana na uso wangu kwenye kioo. Niliona wazi yatakayotokea: shemeji angemaliza miaka yake yote akipigia viti vitupu, kisha angeona haya kuondoka hivyo, na angebaki mwaka mwingine ili aagwe vizuri. Namjua. Ndipo wazo likanijia.

"Mama Furaha," nikasema, "tusiwaambie anaondoka. Tuwaambie ameghairi tena. Waje wamcheke."

Mama Furaha aliacha kusuka. Akacheka mpaka mteja akageuka kumtazama. Kisha akachukua simu, akakohoa kidogo, akawatumia wote ujumbe wa sauti: "Bandugu! Papa Mbaruku ameghairi tena! Haende fasi yoyote! Kesho mukuye tumucheke kabisa!"

Jumapili mchana barabara ya Troyeville ilijaa magari mpaka kona. Walikuja wote. Otieno alikuja na keki iliyoandikwa "Kwaheri ya Nne". Vijana wa Bukavu walivaa viatu vya rangi mbili vilivyonifanya nione haya kwa vyangu. Kila aliyeingia alimpita shemeji akimuuliza, "Mzee, bado upo?" na shemeji, ambaye hakujua lolote, alitabasamu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kisha akaweka santuri. Sijawahi kuona watu wakicheza vile. Hakuna aliyekuwa na huzuni ya kumzuia, walikuwa wanacheza na wanamzomea, na mimi nilicheza mpaka kisigino cha kushoto kikang'oka, nikaendelea na kilichobaki.

Jua lilipoanza kushuka wakamwita kwenye kipaza sauti. "Hotuba! Hotuba ya kwaheri!" Otieno akaanza kujifanya analia, na ukumbi mzima ukalia naye kwa uongo, wakipenga kamasi kwenye vitambaa vyeupe. Shemeji aliwatazama. Akanitazama mimi, akamtazama Mama Furaha, nikajua ameelewa. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Jamani," akasema, "nimeghairi. Tutaonana mwakani, Mungu akipenda."

Kelele zilizopanda pale zilitikisa madirisha. Walimbeba juu juu. Mama Furaha alikimbilia nje, akaniambia baadaye, macho mekundu, kwamba alikwenda kutafuta chumvi.

Mimi niliacha kucheza. Alilisema lile neno vizuri mno. Nilimtafuta machoni, hakunipa jibu, kwa kuwa alikuwa juu ya mabega ya watu, anacheka. Uongo ulikuwa wangu, na sasa nilihisi nimemfungulia mlango mwenyewe: anaweza kubaki bila hata kuona aibu.

Jumatatu asubuhi niligonga chumba chake. Kimya. Nikagonga tena, jirani akasema ametoka mapema. Nilikwenda Park Station peke yangu, na njia nzima nilipanga jinsi ya kumwambia dada. Hakuna njia niliyoona inafaa.

Kwenye lango la basi, shemeji alikuwa amekaa juu ya lile sanduku la zawadi alilolibeba Otieno mwaka uliopita, karatasi ya bei bado inaning'inia.

"Umechelewa," akasema.

"Jana umesema mwakani!" Sauti yangu ilipanda, watu wakageuka.

"Sasa ulitaka niseme naondoka? Nani angecheza?"

Nikamsaidia kubeba sanduku. Lilikuwa zito sana, na ndani mlikuwa na santuri tu. Nguo zake alizifunga kwenye mfuko wa plastiki. Alilia kuanzia Polokwane mpaka mpakani, akisisitiza kwamba ni kiyoyozi. Basi lenyewe halikuwa na kiyoyozi.

Tanga tulifika saa ya chakula cha mchana. Nilichojifunza katika safari zangu zote za Sauzi ni hiki: mtu anayeaga kwa keki na hotuba, mwache aendelee kuaga. Yule anayecheka na wewe huku nguo zake ziko tayari kwenye mfuko, huyo ndiye umwandalie chumba.

Dada hakuwa ameandaa chochote. Alikuwa kibarazani, mbele yake sahani moja ya wali na samaki, ya kwangu. Alimtazama mumewe, akatazama sanduku, akaitazama ile karatasi ya bei.

"Umekuja mpaka lini?" akauliza.

"Nimerudi, Zubeda."

"Nimekuuliza mpaka lini."

Shemeji alikaa chini kwenye mkeka, akavua vile viatu vyake vinavyong'aa, akavisogeza pembeni, karibu na ndala za dada. Dada alivitazama. Kisha akainuka, akaingia jikoni, nikasikia anapima mchele mwingine.