Raya na Herufi za Kichina

Enzi zetu, na nyinyi mliosoma skuli za Pemba vyama vingi vilipopamba moto mtanielewa, mtoto alikuwa na chama kabla hajaota meno. Duka hili haliwauzii wale, harusi ya hawa haihudhuriwi na wale. Darasani, lakini, tulikaa pamoja. Tuligombania embe mbichi za chumvi na pilipili, tukapangusa mikono kwenye sare.

Skuli yetu ilisomesha kwa Kiswahili na Kiingereza. Mwaka mmoja tukaletewa kompyuta na mwalimu kijana wa Kichina, tukimwita Maalim Mchina. Ndani ya kompyuta mlikuwa na programu ya herufi za kwao: inakuchorea mstari mmoja mmoja, nawe unafuata. Ukikosea inalia kama bata aliyekanyagwa. Sisi tuliozoea Kiarabu cha chuo cha Kurani tulianzia mkono wa kulia, basi chumba kizima kikawa mabata matupu. Maalim Mchina alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Dada yangu Raya hakumliza bata. Alikuwa fundi wa kuchora maua ya piko mikononi mwa wanawake, na mistari ile aliivuta kama anayempamba biharusi. Nyumbani aliichora mchangani kwa kijiti, mama akianika mwani.

"Mama, mie ntakuwa mkalimani hospitali," alisema. "Daktari Mchina akikuuliza kinachokuuma, hutajishika tena mgongo na kuguna."

"Inshallah, mwanangu," mama akajibu, na kicheko kikamtoka.

Uchaguzi ulipokaribia, mwalimu mkuu akaja akasimama kwenye mlango wa chumba cha kompyuta, akataja majina. La Raya lilikuwemo, na langu.

"Nyinyi tokeni. Baba zenu wanaipinga serikali, na mashine hizi ni za serikali."

Raya alikuwa katikati ya herufi. "Nimalize hii, Maalim?"

Akampokonya kipanya mkononi.

Asubuhi ya pili mama alitushika mikono akatupeleka mpaka darasani walipokuwa mwalimu mkuu na Maalim Mchina, buibui lake limeganda chumvi ya mwani.

"Maalim, ntoto huyu kapiga kura wapi?"

"Bi Time, mimi nimeamrishwa."

"Na nani? Nitajie nimfuate."

Maalim Mchina akauliza kwa Kiingereza kuna nini, na kwa nini sisi hatuingii chumba cha kompyuta. Nilisikia jibu la mwalimu mkuu kwa masikio yangu: eti tunaumwa. Tumesimama mbele yao wazima, vumbi la njiani miguuni, tunaambiwa wagonjwa!

Raya akachukua chaki. Akaandika ubaoni herufi ya Kichina yenye maana ya "njema", akajipiga kifuani kuonyesha kuwa yeye ni mzima. Maalim Mchina akaisoma, kisha akamgeukia mwalimu mkuu, uso umemwiva kwa hasira. Walizozana kwa Kiingereza mpaka kengele ikalia. Hatukurudishwa kwenye kompyuta. Muhula ulipoisha Maalim Mchina akaondoka, chumba kikafungwa kwa kufuli, na kompyuta zikaozea mle kwa kutu. Hata watoto wa waliotufukuza hawakuambulia kitu.

Raya hakupata tena pa kusomea Kichina. Aliolewa Micheweni, na leo naye, kama mama, anafunga mwani kwenye kamba baharini, maji ya bahari yamemchanja vidole.

Juzi nimekutana na yule mwalimu mkuu mazikoni. Mzee sasa. "Yakhe, yale ya zamani tusameheane," akaniambia. Nikampa mkono kwa heshima ya maiti. Msamaha nikamwambia akauombe kwa Raya. Mpaka leo hajenda.

Vijana wa sasa wana programu kama ile kwenye simu, bure, na hakuna anayewauliza baba zao wana chama gani. Binti yangu anayo. Aliifungua siku moja, akapiga miayo, akarudi kwenye video za watu wanaokata viuno. Namtazama namcheka, kisha roho inaniuma. Sisi tulikuwa na hamu mpaka tukichora mchangani, tukafungiwa mlango. Wao mlango uko wazi mchana kutwa, na Raya wangu kashapitwa na umri wa kuingia.