Sanduku Namba Tatu ni Langu

Leo nimejua naposwa, na aliyeniambia ni mashine ya kujibu simu.

Ngojeni nieleze.

Jana niliifunga sebuleni kwetu hapa Voi, mimi mwenyewe, bila fundi. Nikaigawa masanduku matatu: bonyeza moja umwachie Baba ujumbe, mbili Mama, tatu mimi, Mghoi. Inafanya kazi sawasawa, tuheshimiane.

Leo jioni tumekaa wote kusikiliza.

Kwa Baba, ni dada yake, shangazi yangu wa Taveta. "Hamjambo?" Kimya. Anangoja aitikiwe. Muda ukaisha, mashine ikamkata.

Kwa Mama, ni yeye tena. "Wifi, hujambo? Mbona huitikii?" Ikamkata.

Nikafungua sanduku langu.

"Haya, nasema hivyo hivyo, hata kama mmeninunia. Wale watu wa Bomeni wanakuja Jumamosi kumposa Mghoi. Lakini msimwambie, atatoroka."

Baba akaanza kukagua dari. Mama akaenda kuangalia sufuria, na jiko hata halijawashwa.

Mimi sikubishana na mtu. Nilibonyeza kitufe cha kurekodi mbele yao, nikabadilisha salamu ya sanduku langu:

"Hapa ni kwa Mghoi. Shangazi, sisi hatujambo. Jumamosi nipo, sitoroki. Waambie waje na huyo kijana mwenyewe, nina maswali."

Nyinyi mngefanyaje?

Simu inalia sasa hivi. Baba ananiangalia, Mama ananiangalia, na hakuna anayeinuka.

Tunangoja Shangazi abonyeze tatu.