Ratiba Yangu Ilisema Asubuhi

Jumatatu nilifika kazini nikakuta mtu amekalia kiti changu.

Si mgeni. Ni Mama Pacha, mwenzangu wa mapokezi pale hospitalini. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mbona umewahi hivyo?"

Nikajua ananikejeli.

Nikafungua simu, ukurasa wa ratiba ya zamu. Jina langu: asubuhi. Nikaenda kwenye kompyuta ya pembeni, ile ninayoitumia kila siku. Asubuhi vilevile.

Nikavuta stuli, nikakaa pembeni yake nikipanga mafaili, nimenuna.

Hapo mjue, matroni alikuwa anatafuta mkuu wa mapokezi, na tulikuwa wawili tu. Na Mama Pacha ndiye aliyekuwa na neno la siri la kubadilisha ratiba.

Moja jumlisha moja, nikajua kuna mchezo.

Saa sita, zamu ya asubuhi ilipoisha, nikaondoka. Saa nane simu ikaita. Matroni.

"Uko wapi? Zamu ya mchana ni yako. Watu wamejaa hapa, na mwenzako ameshindwa kwenda kuchukua wanawe shuleni."

Nilirudi mbio. Nilipofika, nikamwaga yote mbele ya foleni nzima.

"Huyu mama ananichezea ratiba. Anataka nionekane mtoro ili cheo achukue yeye."

Mama Pacha alichukua mkoba wake akaondoka.

Matroni akamwita fundi wa kompyuta. "Tuangalie nani kagusa nini."

Fundi hata kiti hakuvuta. Akaomba simu yangu.

"Mara ya mwisho umefuta kache lini?"

"Kufuta nini?"

"Kache. Brauza ikishafungua ukurasa, inauweka akiba ili kesho ikufungulie haraka. Sasa wakati mwingine inakupa kiporo. Ukurasa umeshabadilika, wewe unasoma wa wiki iliyopita."

Akagusa vile vidoti vitatu, akaingia kwenye historia, akachagua kufuta data. Akaweka alama kwenye picha na faili zilizohifadhiwa tu, manenosiri akayaacha. Kwenye kompyuta akafanya hivyohivyo.

"Fungua tena."

Nikafungua. Jina langu: mchana. Wiki nzima.

Chini yake kulikuwa na maelezo, yamewekwa tangu Ijumaa:

*Mama Pacha ameomba kubeba zamu zote za asubuhi, ili mwenzake apate nafasi ya kumpeleka mama yake mazoezi ya mguu.*



Wiki iliyopita nilimlalamikia kaka yangu kwenye simu nikiwa kazini, kwamba mama yetu anakosa mazoezi kwa sababu asubuhi hatuna wa kumpeleka. Kumbe Mama Pacha alikuwa nyuma ya kabati anasikia.

Jioni nilimfuata kwake. Pacha walikuwa wanafanya kazi za shule mezani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani umesoma. Ulipokuja umenuna, nikasema huyu hata asante hana."

"Nisamehe, dada yangu."

"Nimekusamehe. Ila waliokusikia wewe hawajanisikia mimi."

Kesho yake, mbele ya foleni, nilisimama nikasema nimekosea. Wengine hawakuwa walewale wa jana.

Cheo alipewa yeye. Alistahili.

Ndugu msomaji, futa kache ukurasa ukikuchanganya. Lakini kabla hujamtuhumu mtu, muulize kwanza, mkiwa wawili.