Boksi Langu la Kulehemia na Mabeseni ya Masaki

Boksi lile nililiunda mwenyewe, na mpaka leo sijaona fundi Kibaha nzima mwenye boksi kama langu. Wenzangu hubeba vifaa kwenye kiroba, vinagongana kama vijiko vya shughuli. Mimi nilitafuta boksi gumu la plastiki lenye mpini, nikakata kipande cha godoro kikaenea ndani, halafu nikachonga kwa wembe, kila kifaa na shimo lake: kibano, tupa, mita ya kupimia umeme, na risasi ya kulehemia niliyoizungusha kwenye ganda la kalamu ili isile nafasi. Katikati nikakilaza chuma cha kulehemu, kile kinachotumia gesi ya kujazia viberiti. Hicho hakiulizi kama umeme umekatika. Unakaa kwenye mikorosho, unalehemu. Shule niliishia njiani, lakini boksi lile hakunifundisha mtu.

Na nililiunda kwa sababu. Masaki ya Kisarawe ndiko nilikozaliwa, na niliondoka huko na gunia la mkaa kichwani, watu wakisema huyu hata kuhesabu magunia hawezi. Basi niliposikia amplifaya ya msikiti wao imekufa, na wameshauriwa waipeleke Kariakoo, nikapiga simu. Nikawaambia msiiguse. Nakuja Ijumaa asubuhi, naitengeneza hapo hapo mbele ya macho yenu, na adhana ya mchana mtaisikia mpaka mashambani.

Nikatoka nyumbani Mkuza, hapo Kibaha, na pikipiki, boksi mgongoni. Nilikuta baraza la msikiti limejaa wazee. Ng'ambo ya njia wanawake wamekaa kwenye mikeka, na shangazi yangu aliyenilea yumo. Nikafungua boksi taratibu, kusudi waone. Nikawasha chuma. Harufu iliyotoka ilikuwa ya ndoo inayoungua. Kutazama, ncha yote imegandwa na plastiki ya bluu.

Nilimpigia mke wangu pale pale, na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, nikaweka sauti ya nje. Kosa.

"Nani kashika chuma changu?"

"Chuma gani?"

"Cha kwenye boksi!"

"Aa, kile. Beseni la jirani lilipasuka, nikaliziba. Na letu la kufulia. Limeshika hilo, hata tone halivuji."

"Kile ni cha kulehemia redio, mwanamke wewe!"

"Sasa baba watoto, moto si moto tu?"

Baraza zima likaangua kicheko. Imamu alivua kofia akajifunika nayo mdomo. Nilikata simu huku masikio yananiwaka. Chuma nimekinunua mimi, shimo lake nimelichonga mimi, halafu mtu anakwenda kuzibia mabeseni ya mtaa!

Nikaichoma ile plastiki mpaka moshi mweusi ukawahamisha wazee. Nikajaribu risasi, ikateleza, haishiki. Nikachukua tupa, nikasugua ncha kwa hasira mpaka shaba ikatokea nyekundu. Hapo risasi ikakubali. Amplifaya yenyewe haikuwa na ugonjwa wa Kariakoo. Waya wa kwenda kwenye spika ulikuwa umeachia ndani. Nikaulehemu, nikawasha, nikashika maiki: "Moja, mbili!" Kuku wakatawanyika. Nikasimama wima, nikangoja.

"Alhamdulillahi. Mungu akuzidishie, fundi," akasema imamu, akaenda zake kutawadha. Basi. Wazee nao wakamfuata.

Waliobaki ni wanawake, nao walikuwa wameshakwenda majumbani na kurudi. Na ndoo.

"Fundi, na hii yangu imepasuka kitako."

"Mimi siyo fundi wa ndoo!" nikafoka. "Mimi natengeneza amplifaya! Hamkusikia sasa hivi?"

"Tumesikia. Ila mkeo anaweza, wewe huwezi?"

Wakacheka tena. Nikaanza kurudisha vifaa kwenye mashimo yake. Ndipo shangazi akaniwekea mbele beseni la kijani, lina ufa kutoka mdomoni mpaka chini.

"Shangazi, chuma nimekisafisha sasa hivi. Nikikitia plastiki kimeharibika tena."

"Sawa, baba. Ile ni ya msikiti, umeitengeneza, umefanya vizuri. Hili ni langu." Akanitazama. "Huko Kibaha mnazibiana. Sisi wa Masaki ndio hatufai?"

Maneno ya aina hiyo yakishasemwa Masaki, hayafi. Nikachuchumaa vumbini na shati langu la Ijumaa, nimekasirika, nikawasha chuma. Nikakipitisha kwenye ufa polepole, na mshono ukatoka umenyooka kuliko wowote aliowahi kushona mke wangu, hilo naapa. Juu ya kichwa changu adhana ikaanza, safi, kila neno peke yake, inakwenda mpaka kwenye mihogo ya mwisho. Wanawake wote walikuwa wameinama, wanatazama beseni.