Bamia za Kingsbury

Miaka miwili niliishi katika mji mdogo wa bara huko Brazili, mgeni nisiyejua hata kuomba maji kwa lugha yao, na sikulala njaa. Siri ilikuwa gulio la Jumapili. Ikikaribia saa saba mchana, wauzaji hawataki kurudi na mzigo, kwa hiyo nyanya, ndizi na mihogo vinauzwa kwa bei ya kutupa. Ukichelewa zaidi unajaziwa mfuko bure. Hakuna anayekuona ombaomba. Hata walimu walipanga foleni nami.

Nikahamia London na tabia hiyo, mjinga mimi. Jumamosi moja nilisubiri nje ya duka la mboga mtaani kwetu, Kingsbury, mpaka wakati wa kufunga. Mwenye duka tunajuana. Ni mzaliwa wa Mwanza, na kila nikiingia huniuliza habari za nyumbani. Akatoka na makreti mawili ya bamia, zimenyauka kidogo tu, nami nikafungua mfuko wangu. Akanipita. Akazimwaga zote kwenye pipa la taka, kisha akalitia pipa kufuli. Kufuli! Nani aibe taka?

"Si ungenipa mimi?" nikamfokea.

"Nikikupa bure leo, dada, kesho utanunua?"

Mpaka leo nikipita pale damu inanichemka. Brazili nilishiba bila kujua neno lao moja. Hapa nimenyimwa taka kwa Kiswahili fasaha, tena huku naitwa dada.